Mzee wa Migomba ya Juu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa leo na Madam Hellen, mwalimu wetu wa kompyuta. Ametugawia wote tisa wa klabu. Anasema mtu anayeandika programu lazima aandike pia alichobadilisha, siku gani na kwa nini, kwa sababu kichwa kinasahau, na kisiposahau kinajitetea. Langu nimeamua litabeba yote, ya programu na ya nyumbani. Halina nywila, kwa hiyo nitalificha chini ya magunia ya mahindi.

Mvua ilianza saa nne asubuhi na mpaka sasa haijakata. Bati la darasa lilipiga kelele hata Madam akaacha kusema, akawa anaandika tu ubaoni. Aliandika kwamba programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, yaani maagizo yote ambayo kompyuta imepewa, na kuutumia, na kuurekebisha. Kompyuta zetu nne zinazowaka ni za zamani mno, zinaenda kwa sababu mfumo wake ni huria. Mimi nimelipenda wazo lenyewe kuliko mashine. Kitu kisichofichwa hakiwezi kukudanganya.

Ninakaa dawati moja na Amna. Tunaandika programu inayoitwa Mvuno. Itawasaidia wakulima wa kikundi cha parachichi hapa Kisondela kujua matunda ya kila mmoja yatakomaa lini, maana kampuni inayonunua kwao haitaki tunda changa hata moja. Mama yangu ndiye katibu wa kikundi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amenisomea orodha ya wanachama huku akimenya ndizi. Haangalii popote, yote imo kichwani mwake: jina, namba ya simu, idadi ya miti, wiki ambayo maua yalitoka. Mimi naandika kwenye karatasi ili Jumatatu nichape shuleni. Tulikwenda vizuri mpaka wa ishirini na tatu.

"Huyu ni wa migomba ya juu," Mama akasema. "Miti kumi na minane."

"Jina, Mama."

"Si nimeshasema? Mzee wa migomba ya juu."

"Kompyuta inataka jina."

"Kompyuta imeolewa hapa? Haijaolewa. Mimi ndiye nimeolewa. Andika, tuendelee."

Anamsema Babu, baba yake baba, ambaye nyumba yake iko juu ya yetu, nyuma ya migomba. Jina lake ni Andongwisye. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake. Mama akikutana naye njiani anaingia kwenye majani, anageuka pembeni mpaka mzee apite, hata kama majani yamelowa. Na anapoita majina kwenye mkutano, akifika kwa Babu ananyamaza kidogo, watu wanaitikia kwa pamoja "Yupo!", anaendelea. Baba yuko Chunya machimboni, asingejua kama Mama ameacha desturi hii. Hajaiacha.

Ningeweza kuandika Andongwisye mwenyewe. Lakini ilinifurahisha, nikaandika kama alivyosema: Mzee wa Migomba ya Juu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechapa wote thelathini na mmoja kwenye faili. Karatasi nimemrudishia Mama, ameiwashia moto wa jioni. Anasema karatasi yenye watu haitupwi ovyo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kiatu cha kushoto kimeachia soli.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Mvuno imetoka hadharani!

Mtandao wa shule unakatika kila wingu likipita, kwa hiyo mimi na Amna tulishuka Tukuyu mjini, kwenye kibanda cha kaka yake, Saad, fundi simu. Kibanda chake kimebanana na duka la vitenge la mama yao, Bi Bimdogo. Wamefunga, ni Ramadhani, lakini Saad ana maneno hata akiwa na njaa.

"Karibuni mafundi wakubwa. Leo mnatengeneza nini, roketi?"

"Shikamoo, kaka Saad."

"Marahaba, Felista. Huyu mwenzio hajanisalimia tangu mwaka jana."

"Nakuona kila siku, nikusalimie nini?" Amna akasema.

Alituachia kompyuta yake na bando lake. Tulipandisha folda ya Mvuno kutoka kwenye flashi hadi kwenye tovuti ambako watu wa dunia nzima huweka misimbo yao, ghala la wazi. Juu nikaandika maelezo: Programu ya kikundi cha parachichi, Kisondela, wilaya ya Rungwe. Mtu yeyote asome, atumie, aboreshe. Tulipokuwa tunafunga, mtu ambaye hatumjui kabisa alikuwa ameshaonyesha mstari mmoja wenye kosa na jinsi ya kulirekebisha. Amna alinikumbatia. Nilitembea kilomita zote za kurudi bila kusikia tope.

Jumatatu, 17 Machi

Madam alituuliza mbele ya klabu, "Majina ya watu hamkuyaweka kule?"

Hapo nikakumbuka. Tulipandisha folda nzima, na orodha imo ndani ya folda. Aliyeichagua folda na kubonyeza ni mimi, Amna alikuwa anaongea na mama yake. Nilisema, "Hapana, Madam." Akaeleza: "Namna ya kupika waonyesheni wote. Lakini nani kala nini nyumbani kwake, hilo si la barabarani."

Mapumziko niliomba kompyuta ya ofisini, nikafuta faili. Nikafungua ukurasa upya. Haipo. Ilikaa siku mbili tu, na moja ilikuwa Jumapili. Nilipomjibu Madam nilikuwa nimedanganya, lakini sasa jibu langu ni kweli.

Jumatano, 19 Machi

Nimeangalia tena. Haipo.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Jackson, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuja jioni amejifunika nailoni. Amepigiwa simu na mwanamume mwenye sauti nzuri, aliyesema anatoka kwa mnunuzi.

"Ananijua, Katibu! Ananiambia, Mama Jackson, una miti arobaini na miwili, maua yalitoka wiki ya pili ya Septemba. Mimi mwenyewe wiki nilikuwa nimeisahau."

"Alitaka nini?" Mama aliuliza.

"Kunisalimu tu. Anasema watanipigia tena."

Alipoondoka Mama aliepua sufuria kabla haijachemka. "Miti arobaini na miwili," alisema. "Nani mwingine aliihesabu?"

Alhamisi, 27 Machi

Wengine wawili wamepigiwa. Wanaambiwa idadi ya miti yao.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeanza kumfikiria Saad, na nikishaanza sioni pa kuishia.

Kwanza, mwezi wa pili simu ya Mama ilipasuka kioo, ikalala kwake siku mbili. Pili, flashi tunayobebea kazi ya Mvuno alituuzia yeye. Tatu, ghala tulilipandisha kwenye kompyuta yake. Leo nilikwenda kibandani peke yangu, nikasema nimefuata chaja. Nilisimama nikaangalia. Ana tabia moja ambayo sikuwahi kuitilia maanani: kila simu ya mteja anaifunika kwa kipande cha kitenge. Ziko sita mezani, zote zimefunikwa kama mikate. Mtu akikaribia dirishani, anavuta kitambaa vizuri zaidi. Mtu asiye na la kuficha anafunika nini?

"Mbona umesimama kama mkaguzi?" alinitania.

Nilicheka. Sikuwa nacheka.

Faili nimeangalia kwa simu yake aliyonipa nijaribie chaja. Haipo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Amna alinialika, sikwenda. Nilisema nina homa. Jioni alituma mtu wa bodaboda na bakuli la pilau limefungwa kwa kitambaa. Mama alisema watu hawa wana moyo. Nilikula kidogo, nikawa nakitazama kile kitambaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Ukungu umekaa mpaka saa tano. Mlima Rungwe haujaonekana wiki nzima.

Jumapili, 6 Aprili

Jambo limetokea na ni baya.

Jana yule mwenye sauti nzuri alimpigia Mama Jackson na wale wawili. Aliwaambia gari la kikundi limeharibika na halitakuja tena msimu huu, wachume haraka, wapeleke njia panda ya Mpuguso, gari jingine linasubiri. Walichuma kwenye mvua, wakakodi bodaboda, wakapeleka. Watu wa gari hilo walichagua yale makubwa tu kwa bei ya kutupa, mengine wakayaacha pembeni ya barabara. Nimeyaona leo tukitoka kanisani. Parachichi changa haliivi. Linanyauka na kujikunja kama kiatu kikuukuu.

Mchana bwana shamba wa kampuni alikuja na pikipiki, koti linachuruzika. Hakukaa. Alimwambia Mama akiwa amesimama mlangoni:

"Katibu, mkataba wenu unasema nini?"

"Tunda changa halichumwi."

"Watatu wamechuma. Hao msimu huu sichukui kwao. Akichuma mwingine hata mmoja, nafuta kikundi kizima, na mwakani msinipigie. Natafuta wengine Lufingo."

Wanawake walikusanyika barazani kwetu. Mama Jackson alilia, akasema, "Nimedanganywa kwa hesabu ya miti yangu mwenyewe! Ningemkatalia vipi mtu anayenijua hivyo?" Kisha mmoja, ambaye kila Jumapili anakaa benchi moja na Mama, akasema taratibu, "Orodha ilikuwa kwako tu, Mama Felista." Hakuna aliyemkanusha. Mkutano utakuwa tarehe 26, siku ya Muungano. Wataamua kama Mama abaki kuwa katibu. Hawakusema kwa maneno hayo, walisema "tutazungumza", lakini wote tulielewa.

Mama aliosha vikombe vyao vyote mara mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia Amna.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilitaka kuanza na kioo cha simu, halafu flashi, halafu vitambaa. Tulikuwa kwenye veranda ya maabara, wengine wameingia. Nilifika kwenye flashi akanikatisha.

"Unamsema kaka yangu?"

"Sisemi ni yeye. Nasema nani mwingine?"

"Feli, unazingua."

"Anafunika simu za watu. Kwa nini anafunika?"

Aliniangalia kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa vibaya. "Kwetu tumekaa Tukuyu tangu babu yangu alipokuja na cherehani," alisema. "Kila kitu kikipotea stendi, mtu wa kwanza kuulizwa ni sisi. Nilidhani wewe hujui kufanya hivyo."

"Mama yangu atavuliwa ukatibu!"

"Na mimi wangu aitwe mama wa mwizi, ndiyo itakuwa sawa?"

Kipindi cha mwisho alihamia dawati la mbele. Alichukua rula yake, kifutio chake, na hata ile penseli fupi tuliyokuwa tunashirikiana. Nilijiambia kwamba ni hasira ya mtu aliyeguswa pabaya. Ninaandika hivyo hapa ili nione kama nitaamini kesho.

Jumatano, 9 Aprili

Siamini sana. Lakini nani mwingine?

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemtazama Madam Hellen siku nzima. Anajua nywila za kompyuta zote. Ana viatu vipya.

Jumatatu, 14 Aprili

Ninaandika kabla sijavua nguo zilizolowa.

Nilipotoka shule Mama alinituma nimpelekee Babu uji wa ulezi. Yeye mwenyewe huwa anauweka kwenye jiwe la njia panda na kugonga kopo, mzee anakuja kuuchukua. Leo mvua ilikuwa kali nikaupeleka hadi ndani. Babu alikuwa amekaa karibu na moto, simu yake ndogo ya kubonyeza mkononi, amekasirika huku anacheka.

"Gwe mwana, wewe mtoto," alisema kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa, "mimi siku hisi naitwa nani?"

"Unaitwa Andongwisye, Babu."

"Ee. Basi leo mtu amenipigia simu. Kijana, sauti nsuli kabisa. Ananiambia, 'Shikamoo Mzee wa Migomba ya Juu.' Nikamwuliza, umesemaje? Akaludia! 'Mzee wa Migomba ya Juu, una miti kumi na minane.' Anasema nichume palachichi, gali limehalibika." Alitema mate kwenye majivu. "Jina gani hilo? Nani amenibatisa tena usee huu?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia huyo msee ameenda kuchota maji, piga Kilismasi."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha nikakoma.

Hakuna mtu duniani anayemwita Babu hivyo. Kwenye simu ya Mama amehifadhiwa kama Babu Felista, mimi ndiye nilihifadhi. Majirani wanamwita Andongwisye. Hata Mama hasemi "Mzee wa Migomba ya Juu" kama jina, alisema mara ile moja kwa sababu nilimlazimisha ajibu. Karatasi ilichomwa. Flashi niliichomeka mwenyewe siku ya kupandisha, nikapandisha folda moja kwa moja kutoka humo, nikaichomoa na kuondoka nayo. Saad angeweza kuiba kila namba kwenye simu ya Mama, na bado asingeweza kulipata jina hilo. Liliwahi kukaa mahali pamoja tu, kwenye faili niliyoichapa mimi, nikaipandisha mimi.

Lakini niliifuta. Nimeangalia mara ngapi? Haipo!

Nilipotoka kwa Babu sikushika njia ya nyumbani. Nilisimama kwenye migomba mpaka kopo la uji likajaa mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Madam Hellen kila kitu, na uongo wa tarehe 17 Machi. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akafungua ghala letu, akaniambia nitafute faili.

"Haipo, Madam. Nimeangalia kila wiki."

"Sasa bonyeza hapa, pameandikwa Historia."

Nikabonyeza. Zilitokea hatua zetu zote, moja chini ya nyingine, tarehe na saa. Kwenye hatua ya tarehe 17 imeandikwa, kwa jina langu: faili moja imefutwa. Nikabonyeza ile ya tarehe 15. Wote wakatokea. Mama Jackson, miti arobaini na miwili. Wa ishirini na tatu, Mzee wa Migomba ya Juu. Walikuwa wamekaa pale siku zote thelathini na mbili, mlango uko wazi, na mimi nachungulia dirishani nasema hakuna mtu ndani.

"Ghala la namna hii linatunza kila hatua," Madam alisema. "Ndiyo maana tunaliamini. Ukifuta leo, jana haifutiki. Hili nilipaswa kuwafundisha kabla hamjapandisha kitu, na niliuliza badala ya kukagua. Nusu ya kosa ni yangu, na nitalisema mwenyewe."

Tuliliondoa ghala zima. Inaonekana lilikuwa limenakiliwa mara moja, na akaunti isiyo na jina wala picha. Nilimwuliza kama tunaweza kujua ni nani. Alitikisa kichwa. Nilimwuliza kama nakala ile inaweza kurudishwa. Akaanza kufunga madirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia.

Nilimshuku kwa ajili ya viatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Basi ni sisi?" Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Utalisema tarehe 26, umesimama. Mimi sitakusemea." Usiku nilisikia hajalala.

Jumamosi, 19 Aprili

Kibandani kwa Saad. Amna hakuwepo, au alikuwepo dukani kwa mama yake hakutoka. Nilieleza. Saad aliendelea kukaza skrubu ndogo mpaka nikamaliza.

"Amna aliniambia ulichosema," alisema. "Nilicheka. Halafu sikucheka."

"Naomba unisamehe, kaka Saad."

"Unataka kujua kwa nini nafunika?" Alivuta kitenge kwenye simu moja. Iliwaka papo hapo, ujumbe ukaingia, nikaona mstari wa kwanza kabla sijageuza uso. Ulikuwa wa mtu kumwambia mkewe kuhusu majibu ya hospitali. Akaifunika tena. "Mwenye hii anasimama hapo ulipo wewe, na nyuma yake jirani yake. Simu inapiga kelele hata mwenyewe hayupo. Mama alinipa vitambaa siku nilipofungua kibanda."

Nilirudi hatua moja nyuma kutoka mezani. Alinipa soli ya kubandika kiatu, akasema kiatu changu kinamtia aibu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imepungua, mto unasikika.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la kijiji. Walikuja wote. Babu alikaa nyuma kabisa, Mama akasimama mbele akiwa ameugeuzia uso ukuta wa pembeni ili asimtazame. Madam Hellen alipanda kutoka mjini kwa bodaboda, sketi yake tope tupu, viatu vile vipya havionekani rangi.

Mama aliita majina. Alipofika kwa Babu akanyamaza, nao wakaitikia "Yupo!" kama kawaida, lakini chini chini.

Kisha nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba. Niliikunja, nikasema tu: orodha niliichapa mimi, niliiweka mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, nilipoulizwa nilidanganya, nilifuta vibaya, na wakati watu wanaibiwa mimi nilikuwa natafuta mwizi kwa watu wengine. Nikamtazama Mama Jackson. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Madam akasema sehemu yake. Mtu mmoja akauliza kama sasa hivi orodha imefutwa. Madam akajibu ukweli, kwamba kwetu imefutwa, lakini aliyekwisha kuinakili anayo, na ataendelea kupiga.

Kelele zikawa nyingi. Tubadilishe namba za simu! Wote? Tumshitaki! Nani? Tumtoe Katibu! Hapo Babu akakohoa, ile ya kuomba nafasi.

"Mimi mwisi alinijulisha yeye mwenyewe," alisema. "Aliniita jina la ndani ya kompyuta, nikajua huyu hatoki kwetu. Basi kila mtu awe na kitu ambacho hakimo ndani ya kompyuta. Mtu wa gali la kweli akipiga, akitaje. Asipokitaja, akachote maji."

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza. Bwana shamba alikuwepo, akasema inawezekana, yeye ndiye atakayepiga. Wakakubaliana neno moja, kwa mdomo, milango imefungwa, kila mmoja akarudia mbele ya mwenzake. Mimi kwa mazoea nilitoa kalamu. Mama Jackson aliiona. Alinyosha mkono, akaichukua, akaiweka mfukoni kwake. Ghala zima likapiga kelele za kicheko, na mimi nililia.

Mama amebaki katibu, kwa tofauti ya kura chache sana. Orodha imerudi kwenye daftari la karatasi, linafungiwa kabatini. Mama Jackson na wale wawili hawatauza msimu huu. Hilo hakuna neno linaloweza kulirudisha. Kuanzia Jumatatu nitamsaidia Mama Jackson palizi kila nikitoka shule. Hajasema ndiyo. Kalamu yangu bado anayo.

Jumatano, 7 Mei

Palizi. Hakuniambia nirudi nyumbani.

Jumatatu, 12 Mei

Amna amenifuata maktaba na karatasi. Amebadilisha Mvuno: mkulima ni namba tu, hakuna jina wala simu, na kabla ya kupandisha chochote programu yenyewe inakagua folda na kukataa ikikuta orodha. Kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kuandika mimi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Najua."

Kesho nitampa daftari hili. Nimemwambia lina mambo ya kaka yake na ya Madam, asome yote au asisome.

Jumamosi, 17 Mei

Gari limekuja! (Daftari liko kwa Amna; haya nayaandika kwenye karatasi, nitaibandika likirudi.) Jua limetoka, mlima umeonekana mpaka kileleni. Jana bwana shamba alipiga simu kwa kila mmoja na kulitaja neno. Alfajiri yule mwenye sauti nzuri naye alipiga kwa Mama. Mama akamwomba neno. Akauliza, "Neno gani, mama?" Mama akamwambia, "Kachote maji," akakata.

Miti kumi na minane ya Babu imejaza kreti nyingi kuliko tulivyokadiria. Nilibeba mimi, kwa kuwa yeye na Mama hawawezi kusimama upande mmoja wa gari. Kutoka upande wa pili wa gari nilimsikia Mama akiuliza watu kwa sauti, "Yule amekula?" Babu akajibu hewani, "Mwambieni amekula."

Jumatatu, 19 Mei

Amna amerudi dawatini. Begi lake ameliweka katikati yetu.

Daftari amelirudisha. Sikuona kitu mpaka nilipofika ukurasa wa tarehe 29 Machi. Pembeni, kwa ile penseli fupi, ameandika: Kosa. Anafunika ili wateja wasionane. Jina lake na tarehe chini, kama tunavyofanya kwenye msimbo. Nilitaka kuurarua ukurasa wote. Nimeuacha ulivyo, maneno yangu na yake.

Mwishoni, chini ya mkutano wa tarehe 26, ameuliza: Na neno lenyewe umeliandika wapi?

Nimemjibu chini yake kwa wino. Halimo. Safari hii ni kweli.